Tangazo Lipo, Fundi Hapatikani: Tafuta Hitilafu Kabla ya Kubadili Tovuti ya Ajira

"Dada, ile tovuti haina kitu. Nitafutie nyingine." Simu hiyo nilipigiwa Jumatatu asubuhi na kijana anayeendesha kampuni ndogo ya mifumo ya malipo hapa Dar es Salaam. Alikuwa amelipia tangazo la mtengenezaji wa programu, limekaa wiki tatu, mtu hajapatikana. Nikamuuliza wangapi wamelifungua. Hajui. Wangapi wameomba? "Wengi." Wengi wangapi, kaka? "Kama mia mbili hivi, lakini hakuna wa maana."

Basi tovuti ilikuwa imefanya kazi yake. Imeleta watu mia mbili. Kama angehamia tovuti nyingine na tangazo lilelile, angelipa mara ya pili ili aletewe mia mbili wengine wa namna ileile.

Kazi yangu ni kuwatafutia waajiri watu wa TEHAMA, na wengi wao ni waajiri wadogo wasio na ofisi ya rasilimali watu. Ninachokiona kila mara ni tovuti kulaumiwa kwa makosa yaliyofanyika kabla tangazo halijaifikia, au baada ya maombi kutoka kwake. Kwa hiyo usianze kwa kuuliza tovuti gani ni nzuri. Anza na namba nne: waliofungua tangazo, walioomba, waliofaa kuitwa, na waliofika kwenye usaili. Mbili za kwanza tovuti nyingi za kulipia zitakuonyesha kwenye ukurasa wako wa mwajiri. Mbili za mwisho ziandike mwenyewe, hata kwenye daftari. Namba inapoporomoka ghafla, hapo ndipo pa kuchimba.

Dalili: tangazo halifunguliwi

Kwanza hakikisha mahali ulipoliweka bado pako hai. Watu wanapeana orodha za tovuti za kuajiri watengenezaji wa programu ambazo hazijaguswa kwa miaka. GitHub, mahali wanapohifadhi programu wanazoziandika, ilifunga ukurasa wake wa kazi mwaka 2021. Stack Overflow, ambako mafundi wengi wa programu walikuwa tayari wanashinda wakiulizana maswali, ilifunga huduma yake ya ajira tarehe 31 Machi 2022. AngelList Talent, iliyokuwa kimbilio la kampuni changa, ilibadilishwa jina mwaka huohuo ikawa Wellfound. Orodha inayotaja majina hayo kana kwamba hakuna kilichobadilika, iweke kando yote.

Pili, hakikisha mahali hapo panakuhusu. Ajira Portal ya Tanzania inaendeshwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma kwa ajili ya nafasi za serikali. Vijana wengi wamejisajili humo, ndiyo, lakini kampuni binafsi haiweki tangazo pale. Mwajiri binafsi anayetaka kupitia serikalini aende TaESA, wakala unaounganisha watafuta kazi na waajiri. Tovuti za ajira za BrighterMonday na Fuzu zina wasomaji wengi Kenya na Uganda. Ukitaka mtu wa kukaa ofisini Mwanza, ukatangaza mahali panaposomwa zaidi Nairobi, utakuwa umebandika karatasi kwenye ukuta wa mtaa usio wako.

Tatu ni jina la kazi, na hapa ndipo nimeona fedha nyingi zikipotea. Waajiri huandika jina lililo kwenye muundo wao wa vyeo: "Afisa TEHAMA Daraja la II". Anayetengeneza programu za simu hatafuti maneno hayo. Anaandika "Flutter", jina la chombo anachotengenezea programu, au "Android developer", tena kwa Kiingereza, kwa sababu ndivyo alivyojifunza na ndivyo wenzake wanavyomwita. Jina rasmi liweke ndani ya maelezo. Kichwa cha tangazo kibebe neno ambalo fundi mwenyewe anajiitia. Jaribio lake ni rahisi: azima simu ya mtu asiye wa ofisini kwenu, andika maneno matatu ambayo mtu unayemtaka angeandika pamoja na jina la mji. Kama tangazo halionekani bila kushuka sana chini, umepata sababu.

Ya nne inawahusu wanaotangaza kwenye tovuti yao wenyewe. Google ina sehemu yake maalumu ya kuonyesha kazi, lakini ukurasa wako hautaingia humo kwa sababu tu una neno "ajira". Lazima uwekewe alama za data ziitwazo JobPosting, zinazotaja jina la kazi, maelezo yake, tarehe ya kutangazwa, jina la mwajiri na mahali pa kazi. Kama ni kazi ya kufanyia nyumbani, alama ziseme TELECOMMUTE na zitaje nchi ambazo mwombaji anaruhusiwa kuwa. Niliwahi kukaa na msimamizi wa tovuti ya kampuni moja mchana mzima tukitafuta kwa nini kazi yao haionekani. Kumbe aliyeandaa ukurasa alinakili tangazo la mwaka uliopita, akabadilisha maneno yote yanayoonekana kwa macho, lakini ile tarehe ya mwisho iliyofichwa ndani ya alama ikabaki ya zamani. Kwa Google kazi hiyo ilikuwa imekwisha kabla ya kutangazwa. Google wana kipimo cha bure kiitwacho Rich Results Test. Bandika anwani ya ukurasa humo, kitakuambia kinachokosekana. Na nafasi ikishajazwa, ondoa ukurasa au tarehe yake iwe imepita kweli, maana kuacha kazi zilizokwisha kunaweza kufanya kazi zenu nyingine nazo zisionyeshwe.

Dalili: wanafungua, wanasoma, hawaombi

Hapa sizunguki. Sababu ya kwanza ni mshahara kufichwa.

"Mshahara: maelewano." Mwajiri anaandika hivyo akiamini anajiachia nafasi ya kujadiliana. Fundi mwenye miaka mitano kazini anasoma kitu kingine kabisa: kwamba atachukua likizo ya nusu siku, apande gari kutoka Mbezi hadi Posta, asailiwe mara tatu, halafu atajiwe kiasi kidogo kuliko anacholipwa sasa. Huyu ni mtu ambaye kampuni za nje zinaweza kumwajiri akiwa nyumbani kwake na kumlipa kwa dola. Hana sababu ya kubahatisha. Andika kiwango cha chini na cha juu, na kiwe cha kweli. Nimeshasikia hoja zote za kupinga. Mshindani ataona: na aone, pengine anakijua tayari. Wafanyakazi wetu watalalamika: basi wanalipwa pungufu ya bei ya soko, na wakiambiwa na tangazo la jirani wataondoka wote.

Kama kweli huwezi kulipa bei ya mjini, sema unachoweza kutoa badala yake. Siku mbili za kufanyia kazi nyumbani, bima ya afya ya familia, kompyuta nzuri, Ijumaa kuondoka mapema. Wapo wazazi wenye watoto wadogo ambao watachagua hayo, lakini lazima wayaone yameandikwa.

Sababu ya pili ni orodha ya masharti isiyowezekana. Mwaka 2020 Sebastián Ramírez, mtu aliyeiunda FastAPI, chombo cha kuandikia programu za mtandaoni, alieleza hadharani kwamba ameona tangazo linalotaka uzoefu wa FastAPI wa miaka minne au zaidi. Yeye mwenyewe alikuwa ameiunda mwaka mmoja na nusu tu uliopita. Muumba wa chombo asingepata kazi ya kukitumia. Na hapa kwetu mambo ni hayohayo: toleo la kwanza kamili la Flutter lilitoka Desemba 2018, kwa hiyo kabla ya mwisho wa 2028 hakuna atakayeweza kusema kwa haki kwamba ana miaka kumi ya toleo hilo. Mtu mkweli akisoma sharti kama hilo anafunga ukurasa. Anayebaki ni yule asiyeona shida kuandika uongo kwenye wasifu wake, na wewe umejichagulia mwenyewe. Mwite fundi yeyote unayemwamini, mpe tangazo alisome kabla halijatoka, mwambie akate kila sharti ambalo angeweza kumfundisha mtu ndani ya mwezi mmoja. Usishangae yakibaki matatu.

Ya tatu ni fomu. Vyeti vilivyothibitishwa na wakili, picha mbili za pasipoti, barua ya maombi, wadhamini watatu, akaunti mpya yenye neno la siri. Yote hayo kwa mtu ambaye bado hajui kama utampigia hata simu. Vyeti utavihitaji siku ya kumpa mkataba. Viombe siku hiyo. Kaa na simu ya bei ya kawaida, zima Wi-Fi ya ofisi, tumia bando, ujaze fomu yako mwenyewe kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ikikuchukua zaidi ya dakika kumi, punguza.

Na kama fomu inauliza dini, ndoa au kabila, ondoa leo hii. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa misingi hiyo, na inamlinda hata mwombaji ambaye hajaajiriwa bado. Kenya nayo ina katazo kama hilo katika Sheria ya Ajira ya 2007.

Dalili: maombi mia mbili, anayefaa hakuna

Huyu ndiye kijana wangu wa Jumatatu. Nilipolisoma tangazo lake, kichwa kilikuwa "IT Officer". Katika lugha ya kazi ya hapa kwetu maneno hayo yanamchukua anayetengeneza printa, anayevuta nyaya za mtandao, anayesimamia kamera za ulinzi, anayeweka Windows, na pia anayeandika programu. Wote walikuwa na haki ya kuomba. Hawakukosea wao.

Tovuti za jumla zina tabia hii kwa asili yake: zina watu wengi, na kuomba ni rahisi. LinkedIn nayo, pamoja na ukubwa wake, ina kitufe cha kuomba kwa kugusa mara chache tu, na mtu anaweza kuomba kazi ishirini akiwa kwenye daladala. Usiikimbie kwa hilo. Weka mlango mdogo mbele yake: swali moja, la kazi yenyewe, ambalo aliyewahi kuifanya atalijibu kwa sentensi tatu na ambaye hajawahi hatajua pa kuanzia.

Kwa kampuni ya malipo nilimpendekezea hili: "Mteja amelipa kwa simu. Taarifa ya malipo hayo imefika kwenye mfumo wako mara mbili. Unafanya nini ili asihesabiwe mara mbili?" Aliyewahi kuunganisha mfumo na Daraja ya Safaricom, njia ya kuunganisha programu na M-Pesa, au na mtandao wowote wa fedha kwa simu, ameshakutana na taarifa inayorudiwa au inayochelewa. Atakuambia kwamba kila muamala una namba yake ya kumbukumbu, kwamba namba hiyo inahifadhiwa kwenye hifadhidata kwa namna isiyoruhusu kujirudia, na kwamba taarifa ya pili inapokelewa tu bila kuongeza salio. Mzoefu zaidi ataongeza jambo ambalo hukuuliza: vipi kama taarifa haikufika kabisa? Atazungumzia kuuliza hali ya muamala upya na kulinganisha hesabu za siku. Ukiona jibu la namna hiyo, mpigie kabla ya chakula cha mchana.

Siku hizi jibu zuri linaweza kuwa limeandikwa na akili mnemba. Ndiyo maana swali la maandishi halitoshi. Linapunguza mia mbili kuwa ishirini, basi. Hao ishirini wapigie dakika kumi kila mmoja na uwaulize jambo moja: ni lini jambo hili liliwahi kukuharibikia, na uligunduaje? Aliyefanya kazi ana kisa. Ana siku, ana usiku aliokesha, anamkumbuka mteja aliyepiga simu akilalamika.

Ukiona hata hao ishirini hawapatikani, sasa ndipo una haki ya kuishuku tovuti. Waandikie uwaulize: katika siku thelathini zilizopita, ni watumiaji wangapi wenye ujuzi huu, katika mji huu, waliingia kwenye akaunti zao? Idadi ya waliojisajili tangu tovuti ianze haina maana kwako. Tovuti makini itakupa jibu au itakuruhusu utafute mwenyewe kabla ya kulipa. Ikikwepa, umejibiwa.

Dalili: wachanga wamejaa, wakongwe hawaonekani

Tovuti ya ajira huleta mtu anayetafuta kazi leo. Fundi mzuri mwenye miaka minane ana kazi, na hajafungua ukurasa wa matangazo tangu alipoipata. Hutamkuta pale hata ukilipia kifurushi cha ghali kuliko vyote. Ninasisitiza hili kwa sababu waajiri wanatumia miezi wakihama kutoka tovuti hadi tovuti wakimtafuta mtu ambaye hayumo katika yoyote.

Yuko wapi? Yuko kwa wenzake. Wanaotumia lugha ya programu ya Python hukutana. Mkutano wao wa kwanza wa DjangoCon Africa ulifanyika Zanzibar mwaka 2023, na wa 2025 ukawa Arusha. Watu wa data na akili mnemba wanashindana kwenye Zindi, jukwaa lililoanza 2018 ambalo kampuni na mashirika huweka matatizo halisi ya takwimu, na msimamo wa washindani unaonekana kwa kila mtu. Wengine wako kwenye makundi ya Telegram na WhatsApp ya lugha moja moja za programu, ambako tangazo la mgeni hupuuzwa lakini la mwanakundi husomwa. Kwa hiyo usijiunge leo na kutupia tangazo leo. Mwombe fundi wako mmoja aliye humo aliweke kwa maneno yake, na aseme ukweli kuhusu kazi ilivyo, pamoja na ubaya wake.

Njia inayonipa matokeo kuliko zote ni ya kizamani: ujumbe mmoja, kwa mtu mmoja, unaoonyesha umesoma kazi yake. "Kaka, shikamoo" haitoshi. Mwambie umeona programu gani aliyoitengeneza, kwa nini inafanana na tatizo lako, mshahara ni kati ya kiasi gani na gani, na kwamba hapana ni jibu linalokubalika. Anayekataa kwa adabu mara nyingi hutaja jina la mwenzake. Hao wanaotajwa ndio niliowaajiri zaidi.

Wazoefu walio tayari kufanya kazi kwa mbali huangalia tovuti za We Work Remotely na Remote OK, na ule uzi wa kila mwanzo wa mwezi kwenye Hacker News, jukwaa la mijadala ya teknolojia, unaouliza nani anaajiri. Mwajiri wa Afrika Mashariki anaweza kutangaza humo, lakini ajue anashindana na bei za dunia nzima. Ningetangaza humo tu kama natafuta ujuzi adimu, au kama nataka kumrudisha mtu wa nyumbani aliye Oman, Uingereza au Marekani, na niko tayari kusema hivyo waziwazi.

Kama unachohitaji ni wachanga, usilipie tovuti hata kidogo mpaka umejaribu vyuo. Ndaki ya TEHAMA ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ipo Kijitonyama, Dodoma wana ndaki yao ya sayansi ya kompyuta, na DIT, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, wanatoa vijana wenye mikono ya kazi. Wapokee kwa mafunzo ya vitendo, uwape kazi ya kweli na nauli. Miezi miwili ukiwa nao itakuonyesha mengi kuliko wasifu wowote.

Dalili: wanaofaa wanapotea njiani

Hili limenikuta mwenyewe na bado linaniuma. Nilikuwa nikisimamia ajira kwa kampuni moja, tukachagua watu kumi na mmoja, nikawaandikia barua pepe za kuwaita kwenye usaili. Wakajibu wawili. Nilikasirika. Nikasema vijana hawana adabu, wanaomba kazi halafu hawajibu. Siku ya nne dada mmoja akapiga simu ya mapokezi kuuliza kwa upole kama nafasi imejazwa. Barua yangu ilikuwa imekaa siku zote hizo kwenye kasha lake la barua taka. Niliwapigia wote tisa. Kila mmoja, barua ilikuwa humo humo, na wawili walikuwa wamekwisha kukubali kazi nyingine. Niliwaomba radhi, lakini radhi haiwarudishi.

Chanzo kilikuwa kwenye mipangilio ya anwani ya kampuni. Kuna kumbukumbu mbili, SPF na DKIM, zinazouthibitishia upande wa mpokeaji kwamba barua kweli imetoka kwenu. Tangu Februari 2024 Google inamtaka kila anayeandikia Gmail awe nayo angalau mojawapo, na waombaji wetu karibu wote wanatumia Gmail. Kujipima ni kazi ya dakika mbili. Tuma barua kutoka anwani ya ajira kwenda Gmail yako binafsi, ifungue kwenye kompyuta, chagua kuonyesha ujumbe halisi. Mbele ya SPF na DKIM lazima uone neno PASS. Usipoliona, mwambie aliyewauzia huduma ya barua pepe arekebishe kabla hujamwandikia mwombaji mwingine yeyote. Na kila mwaliko usindikizwe na ujumbe wa simu.

Mengine ya njiani ni ya kuchelewa. Fundi mzuri anayetafuta kazi hakai sokoni muda mrefu. Kama bosi wa kusaini yuko safarini wiki mbili, usifungue tangazo mpaka arudi.

Halafu kuna jaribio la kupeleka nyumbani. Ukimwambia mtu aliyeajiriwa akutengenezee mfumo mzima wa kuagiza bidhaa kwa siku tatu, atafikiri unataka kazi ya bure, na wapo waajiri waliofanya hivyo hasa, ndiyo maana watu wanaogopa. Jaribio lisizidi saa mbili, lisiwe kitu ambacho kampuni inaweza kukiuza, na likizidi hapo, lipia. Kama ni la moja kwa moja mtandaoni, kubaliana naye mapema kwamba umeme ukikatika au bando likiisha mtaanza tena siku nyingine bila kumpunguzia alama. Nimeona binti hodari akitolewa kwa sababu ya kukatika kwa umeme Tabata, na aliyemtoa hakujua hata alichokipoteza.

Dalili ndogo zisizopaswa kupuuzwa

Hakuna mwanamke hata mmoja aliyeomba. Angalia tangazo kwanza: masharti marefu yasiyo ya lazima, na kazi za usiku zisizoelezwa usafiri wake. Kisha fika walipo. AkiraChix wamekuwa wakiwafundisha wasichana teknolojia Nairobi tangu 2010, na Apps and Girls wako Tanzania tangu 2013.

Watu wanapiga simu kuuliza kwa nini wanadaiwa fedha ya "fomu" au "vipimo". Matapeli wamelichukua tangazo lako. Andika juu kabisa ya ukurasa wenu wa ajira kwamba hamtozi chochote, tumia anwani ya barua pepe ya kampuni badala ya Gmail, na iarifu tovuti siku hiyohiyo. Wanaoibiwa ni watu wasio na kazi, na jina linalobaki midomoni mwao ni lenu.

Mwombaji anauliza namba yake imefikaje kwa kampuni asiyoijua. Hili ni zito. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kenya na Uganda zina zao za 2019. Wasifu uliopewa kwa ajili ya nafasi moja si mali yako ya kuutupa kwenye kundi la WhatsApp la waajiri. Uliza pia tovuti unayolipa: wasifu wa walioomba kwangu, mnamwonyesha nani mwingine, na mnaufuta lini?

Ukifika sasa mahali pa kulipa

Usinunue kifurushi cha mwaka. Nunua tangazo moja katika tovuti mbili, ya jumla moja na ya wenye fani moja, na kila tovuti ipe kiungo chake cha kuombea ili ujue nani katoka wapi. Baada ya wiki mbili chukua fedha uliyolipa, igawe kwa idadi ya waliofaa kuitwa, si kwa walioomba. Tuseme moja ilikugharimu shilingi laki mbili ikaleta watu mia mbili na wawili wanafaa: ni laki moja kwa mtu. Nyingine ilikugharimu laki mbili na nusu ikaleta watu kumi na tano, na watano wanafaa: ni elfu hamsini kwa mtu. Kwa anayehesabu maombi, ya kwanza inaonekana bora kwa mbali. Rudia hesabu hiyo kwa kila aina ya kazi, maana tovuti inayokufaa kwa msimamizi wa mitandao inaweza isikufae kabisa kwa mtengenezaji wa programu.

Yule kijana wa Jumatatu hatukubadili tovuti. Tulibadili kichwa cha tangazo, tukaweka mshahara, tukafuta masharti tisa yakabaki manne, na lile swali la malipo yaliyofika mara mbili likawekwa mlangoni. Safari hii waliomba thelathini na wanne. Wanne walijibu vizuri, na mmoja, dada anayefanyia kazi Dodoma, aliandika sentensi mbili kisha akauliza: "Na taarifa isipofika kabisa, mfumo wenu wa sasa unafanya nini?" Yule kijana alinitumia jibu hilo saa tano usiku. Nilimwambia ampigie asubuhi. Alimpigia usiku uleule.